Likizo ya Rüknettin Mjini Kwake

Safranbolu, 14 Oktoba 1996

Mdogo wangu Nusret,

Salamu kutoka huku bondeni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limekubali kupanda ngazi za hapo Duisburg. Nisalimie wifi yangu Türkân. Sisi zabibu tumekwisha kuvuna, mvua imeanza, na paa la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja enzi za marehemu baba mkwe. Ukija utalitambua. Pakize wa nyumba ya pili amemwoza binti yake wa mwisho. Harusini alilia sana, watu wakasema huo ni uchungu wa mama, kumbe viatu vilikuwa vinamuua. Najua, kwa sababu alivishona mume wangu mwaka jana, alipokwisha kuanza kusahau. Vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto.

Sasa jambo lenyewe. Kaa kitako, lakini si msiba. Tuko likizo.

Ndiyo, mimi na shemeji yako Rüknettin. Unajua nilivyomlilia tangu ujana anipeleke kutembea, japo Bursa tu, tukapigwe picha mbele ya msikiti tusioujua kama watu wengine. Kila mwaka alinijibu mdomo umejaa misumari: "Mwakani, Şahende." Haya, mwakani kumefika. Wiki iliyopita alishuka kutoka juu kavaa suti na kofia, mikono nyuma, akasimama kutazama dari la mbao alilolichonga babu yake mwenyewe.

"Şahende," akaniambia, "nyumba hii ya wageni nani alikuelekeza?"

Nikamwambia niliisikia kwa watu.

"Nzuri. Ya zamani, lakini safi. Haya, vaa koti tukauone mji kabla mvua haijarudi."

Nikavaa. Wewe ungefanyaje? Daktari alisema nisimbishie. Tukaliona hamamu, lile bafu la umma aliloogeshwa tangu utotoni, akasema ni kubwa. Tukapanda hadi mnara wa saa, akasema unakwenda sawasawa. Kwenye mtaa wa washona viatu akasimama mbele ya duka lake mwenyewe. Aliyelikodi siku hizi anawauzia watalii leso na vinyago vya kubandika kwenye friji, ila mlangoni bado ameitundika jozi moja ya viatu vyekundu alivyoshona Rüknettin, iwe pambo. Mume wangu akavipindua, akapitisha kidole gumba kwenye mshono.

"Fundi huyu alikuwa anajua," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini maskini, hakuwahi kuinua macho. Tazama mshono ulivyo. Mtu wa hivi mji wake hajauona."

Mtu akishajisema mwenyewe hivyo, mkewe anabaki na kazi gani?

Wakapita Wajapani na kamera zao, akajipanga mstarini pamoja nao. Sasa hivi huko Japani yumo kwenye albamu ya mtu, watoto wanauliza yule mzee ni ndugu wa nani.

Ugumu ulikuja jioni. Alishika mkoba, akasema tumefurahi vya kutosha, sasa turudi kwetu. Nikamwambia kesho. Akasema leo. Nikamshika mkono, akautoa. Alipofika njiani nilijikuta nimeshika jagi, nikamwaga maji nyuma yake, kama tunavyomwagia kila msafiri ili aende salama na arudi salama. Mkono ulifanya wenyewe. Akageuka, akaona. Akashuka mpaka kwenye bomba la mawe chini ya msikiti, akanawa uso, akamwambia Hulki, muuza lokumu, zile peremende laini za sukari ya unga, aliyekuwa anafunga duka: "Nimemwagiwa maji. Sina budi kurudi." Akarudi, akala supu yake, akalala.

Tangu hapo kila jioni namwaga, anashuka hadi bombani, anarudi. Kizingiti kimeanza kuota ukoga wa kijani. Ni hayo tu. Usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Şahende

*

Duisburg, 9 Novemba 1996

Dada yangu,

Nakuamkia kwa heshima. Barua imefika. Goti ni lilelile, na ngazi ni zilezile. Huku mvua haina mwanzo wala mwisho. Türkân anakusalimu sana.

Dada, unachekesha kwenye barua. Nakujua. Ulichekesha hivyohivyo wiki aliyofariki baba, mpaka imamu akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilisoma, nikainuka nikapasha supu niliyokuwa nimepika, nikarudi nikasoma tena.

Yupo Bedri, niliyefanya naye kazi kwenye tanuru la chuma. Mkwewe anasimamia nyumba ya wazee Ankara. Nimempigia simu. Kipo chumba, dirisha linatazama bustani, kuna muuguzi saa zote. Watatuwekea hadi mwezi wa nne. Rüknettin nampenda, viatu vyangu vya harusi ni vya mikono yake. Lakini mlango wako unafunguka kwenye mteremko wa mawe, na theluji inakuja. Siku moja atapita bomba asigeuke. Utamkimbilia na mgongo gani?

Huwezi kuishi peke yako na mtu ambaye hayupo. Kimya cha nyumba kinamla mtu, usidhani sijui.

Nijibu upesi.

Nusret

*

Safranbolu, 2 Januari 1997

Mdogo wangu Nusret,

Heri ya mwaka mpya. Ulisema nijibu upesi, theluji ikasema vingine. Tumefungiwa bondeni kama nguo za kiangazi sandukuni. Pakize hajambo, anatembea na makubazi ya mumewe. Paka wetu mweupe amezaa ndani ya kabati la magodoro, nami nimemwacha, maana angalau yeye anajua kwamba hapa ni kwake.

Salamu za wifi nimezipokea. Nimezigeuza huku na huku, sikuona tarhana ndani yake. Tangu muondoke, wifi hajawahi kunisalimu bila kuniagiza unga wake wa supu, na kunikumbusha kwamba wa mwaka uliopita ulizidi pilipili. Na wewe unapika supu mwenyewe. Sisemi kitu.

Huku likizo inaendelea. Mgeni ameanza kununua zawadi. Kila asubuhi anakwenda kwa Hulki, anaonja vipande vya lokumu mpaka masharubu yanajaa sukari, halafu anachagua boksi la zafarani. Analileta mwenyewe, na kunikabidhi kwa mikono miwili.

"Mama, niwekee mahali pakavu. Ni la mke wangu. Nakuomba usilifungue."

Naliweka kabatini, silifungui. Akilala mchana nampelekea Hulki kwa mlango wa nyuma, naye analifunga upya kwa utepe mwingine. Boksi hilo limeuzwa mara nyingi kuliko farasi mgonjwa.

Juzi nilimtilia chai, nikaketi naye kidogo. Mwenye nyumba ya wageni lazima aongee na wageni wake. Nikamuuliza, "Mkeo umemwacha wapi?"

"Nyumbani."

"Yukoje?"

"Mkali," akasema, akacheka peke yake. "Ana ulimi kuliko kisu changu cha ngozi. Lakini nikimsikia anaongea jikoni, hata na sufuria, kazi yangu inakwenda. Akinyamaza nashona mshono mbovu." Akazungusha kijiko ndani ya istikani. "Nilimwahidi nitamleta mahali kama hapa. Mwakani, Mungu akipenda."

Nikaenda jikoni. Nikaanza kuongea kwa sauti, nikivigombeza vitunguu, nikiitukana sufuria, kila nililokuwa nikisema zamani. Kisha nikachungulia. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, amelala.

Waambie watu wa Ankara wasubiri.

Şahende

*

Duisburg, 20 Februari 1997

Dada yangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Türkân ni mzima.

Nimeisoma barua yako nikiwa jikoni, nimeisoma nikiwa kwenye tramu. Umeandika "mama." Umeandika "mgeni." Umeandika "mwenye nyumba." Kwenye barua ya mwezi wa kumi alikuita Şahende.

Nakuuliza swali moja, unijibu bila mzaha: anakujua?

Mwezi wa nne nakuja kwa gari. Nitakaa siku chache, kisha nitampeleka Ankara mwenyewe. Wewe utafunga nyumba upumzike, halafu utaamua unataka kuishi wapi. Hata hapa kwangu nafasi ipo. Ipo nafasi nyingi.

Nusret

*

Safranbolu, 8 Machi 1997

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, theluji imebaki kwenye vichochoro tu.

Njoo. Usikimbize gari kwenye mlima wa Bolu, kuna ukungu. Nimekuandalia chumba cha pembeni, chenye bafu ndani ya kabati. Usije ukatundika makoti humo kama ulivyofanya mwaka ule, ukayaogesha.

Nimetandika kitanda cha mtu mmoja. Kama nimekosea, sema, nitaongeza mto.

Nguo za Rüknettin nitazifunga. Swali lako nimeliona.

Şahende

*

Duisburg, 11 Mei 1997

Dada yangu,

Nimefika salama, goti limevimba. Samahani nimechelewa kuandika. Tulipokuwa pamoja hatukuongea, tulikula tu. Sisi wa nyumba yetu tunaongea vizuri tukiwa mbalimbali. Basi ngoja niongee.

Nilidhani Rüknettin ataniogopa. Alinipokea mlangoni kwa furaha ya mtu aliyechoka kuwa mgeni peke yake. "Karibu, bwana, karibu! Chakula cha hapa ni kizuri. Mama ana maneno, lakini moyo wake safi." Siku zote zile alinitembeza mji niliozaliwa. Alinionyesha shule niliyochapwa, akasema inaonekana kuwa ya maana. Tukiwa tumeketi chini ya mnara wa saa akaniuliza, "Na wewe umekuja peke yako?"

Nikasema ndiyo.

"Ni vibaya," akasema. "Mtu ukiona kitu kizuri, unageuka umwambie mwenzako, unakuta hewa."

Dada, ni yeye wa kwanza kuniuliza.

Asubuhi ya safari nilikufuata jikoni. Nilikuambia, "Leo usimwage maji. Huyu harudi. Usimdanganye, wala usijidanganye." Ulikuwa unamenya viazi. Ulisema, "Sawa." Nikamweka kwenye gari na sanduku lake, na boksi la lokumu mapajani. Ulimfunga kitufe cha juu cha koti, ukasema, "Safari njema, bwana." Akakushukuru kwa ukarimu wako.

Tulipofika kwenye kona nikatazama kioo. Ulikuwa katikati ya njia, na jagi. Niliona maji yakitapakaa kwenye mawe. Naye aliona, kwa sababu alikuwa amegeuka mzima mzima kwenye kiti.

"Umeona? Amemwaga," akaniambia. "Mwanamke mwenye adabu."

Nikaendesha. Tulipopita bomba la mawe akanigusa bega. "Ni hapa tunapogeuka." Nikamwambia bado kidogo. Akaitika kwa kichwa, kwa heshima. Mji wa Karabük ukapita, na lile tanuru la chuma nililoliacha kijana nikafuate jingine. Akawa anatazama kila njia panda, kisha ananitazama mimi. Kabla ya mji wa Gerede nikasimama kuongeza mafuta. Niliporudi alikuwa amelikumbatia boksi kwa mikono yote miwili.

"Bwana," akasema taratibu, "nisamehe. Nadhani nimekupotosha njia. Bomba tulikwisha lipita, nami nimekwisha mwagiwa maji. Yule mama atakuwa amesimama anasubiri."

Aliniomba msamaha yeye, Dada. Hakulia, hakugomba. Nikamwambia hata mimi naona tumepitiliza, nikageuza gari.

Nilipokuambia kwamba nimerudi kwa sababu nimesahau miwani, miwani ilikuwa usoni mwangu. Hukucheka. Ulisema, "Ingieni, supu ya moto." Meza ilikuwa na sahani tatu. Tangu siku ile najiuliza ulizipanga saa ngapi.

Chumba cha Ankara nimewaambia wampe mwenye shida zaidi.

Na jambo jingine. Türkân yuko Hamburg kwa binti yetu tangu mwaka jana. Hatukugombana. Alisema amechoka kuishi na mtu ambaye hata akiwa nyumbani yuko kazini. Salamu zake zote nilizitunga mimi, na tarhana sikuikumbuka kwa sababu mimi siipendi. Siku anaondoka nilisimama dirishani nikamwona anaingia kwenye teksi. Bilauri ya maji ilikuwa mkononi. Nikawaza: ghorofa ya nne, majirani Wajerumani, watasemaje? Nikayanywa.

Nusret

*

Safranbolu, 19 Juni 1997

Mdogo wangu Nusret,

Salamu na pole ya goti. Waridi zimekwisha, matofaa bado. Pakize amepata mjukuu, na anatembea na viatu vya dukani. Paa umelipiga msumari vizuri, sasa linavuja mahali pengine.

Wifi simtumii salamu kupitia kwako tena. Nimemwandikia mwenyewe Hamburg, nikamtumia tarhana. Amejibu kwa mstari mmoja: imezidi pilipili. Kwa hiyo yuko salama, na mkono wake bado unajua njia ya kuja huku. Yale maji ulifanya vizuri kutoyamwaga. Kutoka ghorofa ya nne ungempata Mjerumani wa watu, tukawa na kesi. Lakini barua huwa haimlowanishi mtu. Mwandikie. Usimwambie kuhusu goti, mwambie kuhusu dirisha.

Sahani tatu nilizipanga kabla hamjafika bombani. Nilijua atageuka. Wewe ndiye niliyekuwa sina hakika naye.

Sasa swali lako la Februari. Uliniomba nisijibu kwa mzaha, ndiyo maana nikachelewa, maana sina njia nyingine ya kujibu mambo. Hanijui, Nusret. Tangu Desemba. Asubuhi ananiamkia kama mtu anavyomwamkia mwanamke wa watu. Anabisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwetu. Nikimvua soksi anatazama pembeni kwa aibu. Nalala chumba cha chini, kwa sababu si vizuri mwenye nyumba kulala kwa mgeni. Na mchana kutwa ananisimulia habari za mke wake, alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akigomba, nami naketi pale nikimwonea wivu mwanamke yule, mpaka nakumbuka ni nani.

Ni upweke ambao sikuwa nimeusikia. Mtu akifa unalia, watu wanakuja na halua. Huyu yupo, anakula, ananishukuru. Watakuja na nini?

Jana alirudi kutoka kwa Hulki na boksi kama kawaida. Nikanyoosha mikono nilipokee. Hakuliachia.

"Hili si la mke wangu, mama," akasema. Masikio yamemwiva, kama siku ile alipokuja kwetu na wazee wake kuniposa, akamwaga kahawa. "Hili ni lako. Umenitunza sana."

Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniletea boksi. Ngozi, ndiyo. Mabaki ya soli, ndiyo.

"Na mkeo je?" nikamuuliza. Bwana, nilikuwa nimekasirika kweli, kwa niaba yake.

"Ana moyo mkubwa," akasema. Akafikiri. "Ila usimwambie."

Nikamwahidi sitamwambia.

Tukaketi dirishani, pale panapoonekana mteremko wote hadi bombani. Nikaukata utepe. Hulki atanisamehe, hili halirudi dukani. Nikala kipande kimoja, nikala cha pili. Nilikuwa na njaa ambayo sikuijua. Sukari ya unga ikanimwagikia kifuani, nikaanza kujipangusa, naye akawa ananitazama, ananitazama, mpaka chai yake ikapoa mkononi.

"Ajabu," akasema. "Mke wangu naye hula hivyohivyo."

Dada yako,
Şahende

Chumba cha pembeni hakijatanduliwa. Siku uliyoondoka nawe nilikumwagia maji, ulipokwisha kupita kona, usije ukaona.